Udongo wa Barafuni

Mwaka ule simu yangu ilionyesha hali ya hewa ya miji miwili. Wa kwanza ni huu tunaokaa, Sydney, na huo sikuwa na haja nao, kwa sababu ukitaka kujua hali ya hewa ya Ingleburn unafungua mlango wa nyuma basi. Wa pili ni mji mmoja wa kaskazini kabisa ya Kanada. Jina lake lilimshinda Mama kulitamka tangu ndugu yangu alipohamia huko, akaamua kuuita Barafuni, na sisi wote tukamfuata. Huko ndiko ndugu yangu alikokuwa amelala kwenye chumba cha maiti, hajazikwa, anangoja ardhi iyeyuke.

Najua mtu wa kwetu akisikia hivyo atasema astaghfirullahi. Sisi maiti wetu halazwi. Mtu akifa asubuhi, alasiri watu wanarudi makaburini wanakung'uta mchanga viatuni. Nimezaliwa Tanga, nimekulia Tanga, na sijapata kuona maiti akingojewa ila kwa ajili ya mtoto aliye njiani kutoka Dar es Salaam, na hata hapo wazee wananung'unika. Leo nije niambiwe maiti anangoja jua!

Alianguka mwezi wa Februari, mlangoni kwake, akichota theluji ili atoe gari aende kazini. Alikuwa fundi wa malori makubwa yaendayo migodini. Ni kitinda mimba wa Mama, mimi ni wa kwanza, na katikati yetu hakuna mtu. Mkewe, wifi yangu, mtu wa Mombasa, alinipigia simu nikiwa kazini. Mimi nafanya kazi kwenye ghala la vyakula hapa hapa Ingleburn, na wakati ule nilikuwa upande wa vitu vilivyogandishwa, nimejivika koti na glavu kama mwizi, simu siisikii. Nilipotoka kwenda mapumziko nikakuta amepiga mpaka amechoka. Wiki iliyofuata nikamwomba msimamizi anihamishe upande wa unga na mchele. Hakuniuliza sababu, na angeniuliza nisingeweza kumweleza.

Wifi alieleza mambo kwa sauti isiyo na chozi hata moja, ile sauti ya mtu aliyekwisha kulia mpaka akakauka. Waislamu wa mji ule wana pembe yao kwenye makaburi ya mji, lakini baridi ikishashika hawachimbi tena mpaka ardhi ilegee. "Udongo umekuwa chuma, wifi," aliniambia. "Wanaokufa majira haya wote wanawekwa, waislamu na wasio waislamu." Njia nyingine ilikuwapo. Sheikh wa mji mmoja wa kusini alijitolea: mleteni kwa ndege, tutamzika kesho yake. Nikashusha pumzi. Nikajua jambo limekwisha, maana Mama namjua. Mama ndiye aliyewahi kugombana na majirani zetu kwa sababu walichelewesha maziko mpaka magharibi wakimngojea mjomba.

Basi jioni, nyumbani, nikampelekea Mama simu, wifi akiwa hewani. Alikuwa ameketi kwenye kochi langu, mikono mapajani, hajalia bado. Akasikiliza yote. Akauliza wajukuu wako wapi, akaambiwa wako Barafuni, watabaki Barafuni, ndiko shule yao na ndiko kwao. Akasema, "Azikwe walipo watoto wake. Wangoje."

Nilidhani hakuelewa. Nikamweleza tena, kwamba kungoja siyo wiki, ni mpaka Mei, pengine mpaka Juni. Sheikh naye akampigia simu, akazungumza naye kwa adabu, akamkumbusha habari ya kuharakisha. Mama akamjibu, "Nimekusikia, sheikh wangu. Wangoje." Sheikh akasema basi, penye dhiki pana ruhusa, na yeye ndiye mama. Mimi nikasema moyoni, msiba umemvuruga akili.

Siku ile ile akataka magodoro yatandikwe chini. Kwetu mkifiwa mnaweka matanga: viti vinatolewa, magodoro yanashushwa, wanawake wanakaa chini siku tatu baada ya maziko, halafu matanga yanaanuliwa, nyumba inafagiliwa, kila mtu anarudi kwenye maisha yake. Siku tatu baada ya maziko. Hebu fikiria mwenyewe. Tuliburura kochi mimi na binti yangu tukalitia gereji, tukatandika magodoro sebuleni juu ya vigae, na Mama akakaa, mgongo ukutani. "Siondoki hapa," alisema, "mpaka mwanangu awekwe udongoni."

Wanawake wa kwetu walikuja, Mungu awalipe. Walitoka Auburn, walitoka Lakemba, wengine huko Blacktown, na masufuria yao mapajani kwenye treni. Siku ya tatu wakafika na mafagio na ndoo kuanua matanga kama ilivyo desturi. Mama akawatazama kutoka chini. "Mnaanua nini?" akauliza. "Nani kazikwa?" Wakatazamana. Ndoo zikawekwa chini, na wao wakakaa tena. Hakuna aliyewahi kukutwa na jambo kama lile, na hakuna aliyejua mtu anafanya nini.

Ikafika habari ya arobaini, hapo ndipo palipochafuka. Shangazi mmoja wa Mombasa alishikilia kuwa arobaini inahesabiwa tangu roho kutoka, kwa hiyo khitma isomwe na pilau lipikwe. Bi mkubwa mmoja wa Unguja akasema laa, huwezi kusoma arobaini ya mtu ambaye hajaingia kaburini, utakuwa unamwita nani? Walibishana jikoni kwangu mpaka kitunguu kikaungua. "Nyie watu wa Mombasa mna haraka ya kula!" "Na nyie wa Unguja mna haraka ya nini, hata maiti wenu mnamwekea foleni!" Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza. Nilipogeuka nikamwona Mama mlangoni pa sebule, amejikokota mpaka pale kwa makalio, anatusikiliza. Pilau likapikwa lakini khitma haikusomwa, watu wakala wakaondoka. Baada ya hapo wakaanza kupungua. Siwalaumu, kila mtu ana shifti yake. Matanga yakabaki ya watu watatu: Mama, mimi na binti yangu.

Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Baba yake tuliachana zamani, na huo ni mkasa mwingine. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anajibu kwa Kiingereza. Mama anamwuliza kwa Kiswahili, yeye anamjibu kwa Kiingereza, na wanaelewana wawili wale kuliko mimi na yeyote kati yao. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusoma hali ya hewa. Kila jioni akirudi shule anapiga magoti kwenye godoro, anafungua simu yangu. "Barafuni leo kukoje?" Mama anauliza. Anamsomea: nyuzi ngapi mchana, ngapi usiku, upepo, theluji, wiki nzima ijayo. Anamtafsiria kwa vidole, kimoja juu, kimoja chini. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza na masikio yote. Nilikuwa naomba joto. Sijapata kuomba kitu kwa bidii namna ile.

Machi ni mwongo, ndugu yangu alizoea kusema. Kila majira ya kuyeyuka yalipoanza kwao alikuwa akinipigia simu anitanie, maana mimi nilikuwa nalalamikia joto la Sydney na yeye alikuwa amevaa soksi tatu. Machi huko jua linatoka, siku zinarefuka upesi mpaka unaona kwa macho, theluji inang'aa hadi unafumba jicho, ukichungulia dirishani unasema kheri, tumevuka. Fungua mlango sasa! Pua inaganda kwa ndani. "Dada, hili jua la kwenye kalenda," alikuwa akisema, na kicheko chake kile cha kukoroma. Machi ile, Barafuni kulikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri kila alfajiri. Tulifunga Ramadhani tukiwa magodoroni, tukafuturu magodoroni, na Idi ikatukuta hapo hapo. Mama alikula tambi vizuri siku ile, akataka na chai ya pili. Nikafurahi, nikadhani ni Idi.

Aprili ndiyo mwezi mchafu. Mchana theluji inayeyuka, usiku maji yale yale yanaganda upya, na chini yake zinatokea changarawe zote zilizomwagwa njiani majira ya baridi ili watu wasiteleze. Kila kilichofichwa kinajionyesha, glavu moja moja za watoto, mavi ya mbwa, makopo. Ndugu yangu aliwahi kunitumia picha ya kiatu chake kilichopotea Novemba. Nilipoona kwenye simu nyuzi zimevuka sifuri, nikampigia wifi nikiwa na moyo juu. Akaniambia, "Wifi, usitazame hewa. Theluji ya juu inaondoka, lakini chini bado. Baridi imezama ndani kwenda chini, haijui kama nje kuna jua." Walikuwa wanakwenda na fimbo ya chuma, wanaipigilia ardhini kuona itaingia kiasi gani. Ikiingia shubiri moja inagonga mwamba, na mwamba wenyewe ni udongo tu.

Na sisi huku, kadiri wao walivyopata joto, ndivyo tulivyoingia baridi. Watu wa mbali wanadhani Australia ni jua tu. Waje Ingleburn mwezi wa Mei asubuhi, ukungu umelala juu ya uwanja wa nyuma, nyumba zenyewe kuta kama karatasi, vigae vinatoa baridi mpaka kwenye mifupa. Mama alikuwa juu ya vigae hivyo. Nikamwekea hita miguuni, nikaongeza godoro, nikaongeza blanketi. Akaanza kukohoa. Mwili ukawa unakwenda, bangili zake zikawa zinateleza mpaka kiwikoni. Kuna siku alikula na kuna siku aligusa kijiko akakirudisha. Nikampeleka Campbelltown kwa daktari wake, kijana mwenye haya, akampima, akaniita pembeni. Akasema mapafu yameanza kujaa, na mtu wa umri ule akiendelea kukaa sakafuni na kula nusu shibe, yeye hawezi kuniahidi kuwa baridi hii ataimaliza. Aliuliza hawezi kurudi kitandani? Nikamwambia anangoja ardhi ya Kanada iyeyuke. Akanitazama, akaandika dawa ya kikohozi.

Njiani kurudi nyumbani nikamsihi. "Mama, lala kitandani, matanga yako pale pale, hakuna atakayeyachukua." Alikuwa anatazama nje ya dirisha la gari. "Mwanangu yuko kwenye baridi," alisema, "mimi nilale kwenye manyoya?" Nikabaki na Barafuni yangu. Nikawa nafungua simu kazini, nafungua chooni, nafungua kwenye taa nyekundu. Kila nyuzi moja iliyopanda kule nilihisi ni kijiko kimoja cha uji kinaingia mdomoni mwa Mama.

Mei ina wazimu, ndugu yangu alisema. Leo fulana, keshokutwa koti. Na kweli, mwanzo wa Mei kulipata joto siku kadhaa mfululizo, wifi akaniambia makaburini wanapanga kujaribu wiki ile. Nikatoka kazini siku hiyo najiona mwepesi. Nikapita kununua samaki, nikasema leo nitampikia mchuzi wa nazi, atakula. Nikaingia kwa mlango wa jikoni. Sebuleni binti yangu alikuwa anasoma simu, kwa Kiingereza chake: usiku huu theluji, kesho theluji, baridi kali inarudi kwa wiki nzima.

"Alhamdulillahi," Mama akasema. "Wiki nzima?"

Nikasimama na samaki wangu mkononi. Binti yangu akaja kuchukua maji. Nikamwuliza kwa sauti ya chini bibi yake amefurahia nini.

"Bibi anafurahi kukiwa na baridi," akanijibu, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Tangu Machi. Siku kukiwa na joto ndiyo hali chakula. Hukuona?"

Sikuona. Wallahi, sikuona. Nilikuwa nahesabu nyuzi na kupika uji, sikuwahi kuviweka vitu hivyo viwili pamoja. Nikatupa samaki kwenye sinki, nikaenda sebuleni na viatu vyangu vya kazini, juu ya godoro kabisa.

"Mama, unaomba nini wewe?"

"Namwomba Mola wangu. Wewe unataka nini?"

"Unaomba theluji?"

Hakukana. Alivuta upande wa khanga akafuta pua, hana haraka. "Wakishamfukia," alisema, "basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo amekufa."

Nilitaka kumwambia amekufa Februari, Mama, tunazungumza nini hapa. Mdomo ulifunguka lakini neno lile lilikataa. Lililotoka ni jingine, na lilitoka kwa ukelele. "Na mimi je? Mimi niko hapa! Mgongo umenikatika kwa kulala na wewe sakafuni. Nakupikia uji, unamwagwa. Nakubeba kwa daktari, narudi nakubeba chooni. Miezi yote hii nakuombea jua, na wewe umekaa hapo unamwombea maiti baridi! Ukinifia hapa chini nitakuzika na nani? Nani nimebaki naye?"

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na bilauri. Sijawahi kumpigia Mama kelele maisha yangu yote, na kwetu ukimpigia mama yako kelele unangoja dari ianguke. Mama alinitazama, hana hasira.

"Wewe upo," alisema. "Nakuona kila siku. Yeye hivi ndivyo nilivyo naye. Kila jioni mtoto ananiambia aliko kukoje. Amefunikwa, kuna upepo, kuna mwanga. Niache naye."

Nikarudi jikoni nikapara samaki. Niliwapara mpaka nyama ikatoka. Mchuzi niliupika hivyo hivyo, na kwa kuwa Barafuni kulikuwa na theluji, Mama akala wote.

Sijui nieleze vipi wiki zile mbili zilizofuata. Nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani. Jua likipanda kule, Mama anarudisha sahani. Baridi ikirudi anakula, na kikohozi kinazidi kwa sababu baridi ya kwetu nayo haikuwa na huruma. Njia zote mbili zilikuwa zinanipokonya. Nikawa siombi tena chochote, nafungua simu natazama tu. Binti yangu aliniuliza kama amdanganye bibi, amwambie kuna baridi hata kama hakuna. Nilifikiri sana. Nikamwambia hapana, na sababu yake sikuwa nayo.

Halafu ikawa ghafla, kama ndugu yangu alivyokuwa akisema, kwamba huko majani hayaoti, yanalipuka. Wifi alituma picha asubuhi moja: miti iliyokuwa vijiti vitupu wiki iliyopita ina ukijani mwembamba, na chini yake vivulini bado kuna mabaka ya theluji nyeusi. Siku mbili baadaye akapiga simu. Fimbo imeingia yote. Wameanza kuchimba. Kesho baada ya adhuhuri yao watamzika, na hiyo kwetu ni alfajiri ya siku inayofuata. Nikamwambia Mama. Akauliza, "Kwao kumepambazuka?" Nikasema kumepambazuka, Mama.

Alfajiri ile tulisali, tukakaa tukiegemea ukuta, simu juu ya mto. Wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo wifi alibaki nyumbani na watoto, na aliyetushikia simu kule alikuwa rafiki wa ndugu yangu kazini, mtu wa Burundi, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa. Aliomba radhi kwa kila kitu, kwa upepo, kwa mkono kutetemeka, kwa viatu vya watu. Wote walikuwa na matope mpaka magotini. Hawakuwa wengi, labda safu mbili. Mwanga wa kule ulikuwa mkali, mweupe, hauna pa kujificha. Wakamsalia. Halafu tukaona kaburi, na ndani ya kaburi kulikuwa na mtu mwenye ndoo, anachota.

"Kuna maji?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kidogo tu, Mama. Ni ile glasi, ile barafu ya chini, inakuwa inayeyuka," yule Mrundi akasema. "Tumeyatoa. Tumeweka mbao. Pako pakavu, nakuapia."

Mtu mwenye ndoo akapanda juu. Sanda ilikuwa nyeupe kwenye matope yale, nyembamba kuliko nilivyotegemea, na nikageuza uso. Yule bwana akasogeza simu karibu na mdomo wake. "Mama, sisi tuko tayari. Tunaomba radhi yako kwanza."

Hiyo ndiyo desturi, na huko ughaibuni walikuwa wameikumbuka. Mama akiwa hai, mtoto hashushwi mpaka mama awe radhi naye. Hakuna mwingine awezaye kulitamka neno lile, hata mimi niliyekuwa nimemshika mkono. Kule upepo ulikuwa unapuliza kwenye simu. Yule bwana akangoja, akarudia, taratibu zaidi, akidhani hakusikika.

"Amesikia," nikasema.

Wale watu wakasimama. Nilimwona mmoja anahamisha mguu kwenye matope, anaurudisha. Walikuwa na kazi zao, na maiti alikuwa mikononi mwao, lakini hakuna aliyekohoa. Nilimtazama Mama. Midomo yake ilikuwa imekazwa kama ya mtoto anayekataa dawa, na mimi nilikuwa tayari, ninakiri kwa Mungu, nilikuwa tayari kuwaambia wamrudishe. Wamrudishe chumbani, ardhi igande tena, tuendelee hivi hivi.

"Waambie wangoje kidogo," Mama akasema.

"Tunangoja, Mama," akajibu yule bwana.

Wakangoja. Mama akaichukua simu kwenye mto, akaileta karibu na uso, mpaka nina hakika kule waliona jicho lake moja tu. Hakuwa anazungumza nao. "Mwanangu," alisema, "nimekuwia radhi. Nimekuwia radhi ya duniani na ya akhera, na maziwa niliyokunyonyesha ni halali yako. Hukuwahi kunikosea." Akavuta pumzi. "Haya. Mfukieni mtoto wangu."

Akanirudishia simu, akafumba macho, akawa anasikiliza. Udongo uliolowa una kishindo kizito, hauna mchakacho wa mchanga wetu. Ulianguka muda mrefu. Ikasomwa dua, wakaitikia, yule Mrundi akatuaga huku analia waziwazi, na simu ikazima.

Nje kulikuwa kunapambazuka, ukungu ule wa Mei. Mama akaniambia, "Niinue." Nikamshika kwapani nikamwinua, akaja juu hana uzito wowote, katoni za kazini ni nzito kuliko yeye. Akasimama ameshika ukuta mpaka miguu ikamkubali. Akaenda msalani peke yake. Nilisikia maji, nilisikia anapiga mswaki. Akarudi amebadilisha khanga. Ndicho kitu nilichokitaka tangu Februari, Mama asimame atembee, na nilikuwa nakiona kwa macho yangu.

"Watu watakuja," alisema. "Chai ipo?"

Nikataka kunyanyuka niende jikoni. Nikashika ukuta, na ikanitoka sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, mpaka binti yangu akatoka chumbani mbio.

"Ndugu yangu amekufa, Mama," nilisema. "Amekufa."

Mama alisimama juu yangu, ananitazama kama kwamba mimi ndiye niliyemletea habari.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Amekufa leo. Kaa."

Akaliokota blanketi lake, akanifunika miguu, akamwambia binti yangu amletee kiberiti, akaenda jikoni kubandika chai.